Fundi wa Nguo Anayengoja Kuitwa na Maprofesa

Jumatatu, 4 Septemba

Simu imelia mara nne tangu asubuhi. Ya kwanza: mteja anaulizia suruali yake. Suruali sijaanza. Ya pili: mtu wa Uvira amekosea namba. Tumeongea sana, mtu mwema. Ya tatu: kampuni ya simu inanipongeza, sijui kwa lipi. Ya nne: mama mkwe.

Maprofesa: kimya.

Niandike hapa jambo ambalo hakuna mtu analijua, hata mke wangu Eulalie. Mwezi wa saba nilipeleka dosye, karatasi za maombi, katika fakilte tatu za udaktari. Mimi, Patrice, fundi wa nguo hapa Nyawera, miaka arobaini na sita! Diploma ya sekondari ninayo. Biolojia na kemia, asilimia hamsini na nane. Niliipata mwaka ule baba alipofariki, na badala ya kwenda chuo nikarithi cherehani yake. Tangu hapo nashona makoti meupe ya madaktari. Miaka ishirini na mitano nawavalisha wengine. Nimeona inatosha.

Sasa pigo. Saa nne binti yangu Colombe, miaka kumi na tisa, ameingia kibandani akihema. Fakilte ya Mulimani imemwita kwa entretien! Ijumaa asubuhi, uso kwa uso na maprofesa watatu. Eulalie ameacha samaki wake wa sambaza sokoni, amekuja kucheza katikati ya barabara mpaka pikipiki zikasimama. Mimi pia nimecheza. Nimecheza vizuri sana. Halafu nikaenda nyuma ya kibanda kuangalia simu yangu.

Wamemwita yeye. Na dosye zetu zilifika siku moja, meza moja. Mimi ndiye niliyezipeleka zote mbili.

Lakini jengo lile! Siku ile ya mwezi wa saba nilipofika mlangoni nilivua kofia, na hakuna aliyeniambia nivue. Ndani, kwenye kabati la kioo, kuna mifupa ya mtu mzima imesimama wima. Nilimsalimia.

Jumanne, 5 Septemba

Nimefanya uchunguzi. Nimebeba koti jeupe mkononi, kama mtu anayepeleka kazi ya mteja, nikapanda Mulimani. Mlinzi hakuuliza kitu. Koti jeupe linafungua milango hata likiwa limekunjwa.

Mbele ya ofisi kuna sekretari, Mademoiselle Lydie, miwani, kucha fupi, sauti ya chini. Nikamwambia ninauliza kwa ajili ya rafiki yangu mmoja, Patrice fulani, mtu wa heshima, ambaye hajapata simu. Mademoiselle akarudia jina. Halafu akaweka kalamu chini. Akaniambia kwamba dosye hiyo inajulikana na ofisi nzima.

Nilifurahi! Sekunde mbili hivi.

Akaeleza. Kwanza, picha ni ya kijana wa miaka ishirini, na karatasi inasema amezaliwa 1977. Nikasema rafiki yangu anajitunza. Pili, barua ya mwalimu wake wa zamani, ile ya kumsifu, imeandikwa kwa mwandiko uleule wa barua ya maombi. Nikasema huenda mwalimu ndiye aliyemfundisha kuandika. Tatu, mwalimu huyo anaandika: "Ninamfahamu Patrice tangu siku niliyozaliwa."

Nikalikunja koti upya. Nilipoandika barua ile nilikuwa nimechoka. Na barua ileile niliinakili kwa fakilte zote tatu.

Nimeshuka mlima nikijikwaa. Si kwa aibu. Kwa mshangao! Watu hawa wanasoma! Kila mstari, kila nukta! Karatasi mia nne kwenye kabati, na wameona neno moja lililokaa vibaya. Mtu anayeweza kuona kosa kama hilo, ataacha kuona jipu kwenye ini?

Nimeelewa sasa tatizo langu liko wapi. Tatizo ni karatasi. Mimi si mtu wa karatasi. Mimi ni mtu wa kuonekana. Wanapaswa kuniona.

Jumatano, 6 Septemba

Colombe ameniomba nimsaidie kujiandaa. Mimi niwe profesa, yeye mwanafunzi. Nimekubali haraka, kwa sababu maswali atakayoulizwa ningependa kuyajua.

Nimekaa nyuma ya cherehani, nimekunja uso. Nikamwambia anieleze moyo. Nilitaka kumtega. Moyo mimi ninaujua: damu inaingia, damu inatoka.

Akachukua chaki yangu ya kukatia, akatandika kitambaa cha buluu cha mteja juu ya meza, akachora. Vyumba vinne. Milango. Mishipa. Mstari haukupinda hata mmoja. Akasema unapiga mara laki moja kwa siku, bila kupumzika, tangu tumboni. Cherehani yangu ingekufa kabla ya saa sita.

Halafu akachora tundu dogo kati ya vyumba viwili vya juu. Nikamwambia amekosea, hapo panavuja.

"Hapana, Papa. Mutoto akiwa tumboni hapumui bado. Damu inapita hapa, inaruka mapafu. Kuko kipande kama pazia. Siku anazaliwa, akivuta hewa ya kwanza, pazia linasukumwa, linafunga. Baadaye linashikana kabisa."

"Nani analifunga?"

"Hakuna mutu. Ni ile pumzi."

Tundu linalojifunga lenyewe! Bila sindano, bila uzi! Miaka ishirini na mitano nafunga matundu, na ndani ya kifua changu kuna kazi safi kuliko zote nilizowahi kushona. Na mimi sikujua. Na mtoto wangu alijua. Alijifunzia wapi? Kwenye kitabu cha kuazima, chini ya taa ya jiko la jirani, wakati mimi nadhani yuko anachambua mchele.

Mteja wa kitambaa cha buluu amekuja jioni. Nilikataa kufuta mchoro. Tumegombana kidogo. Nimempa kitambaa kingine.

Katika kuongea, Colombe akasema kwamba mmoja wa wale maprofesa watatu, Madame Fabiola, hupita hospitali kila Alhamisi saa nne, upande wa uzazi.

Kesho ni Alhamisi!

Alhamisi, 7 Septemba

Nitaandika polepole.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nivae koti jeupe, nisimame kwenye korido ya wazazi, Madame Fabiola apite, anione, ajiulize: ni nani huyu mzee mwenye uso wa kitabibu? Ijumaa jina langu likitajwa, atakumbuka. Nani atalitaja, hilo sikuwa nimepanga bado.

Saa nne kasorobo nilikuwa nimesimama. Mikono nyuma. Uso wa kitabibu.

Madame Fabiola hakupita. Amepita bibi mmoja kutoka upande wa Kabare, kitenge kimefungwa haraka, akanishika mkono kwa nguvu ya mtu anayelima.

"Docteur! Kuja mbio! Muke wa mutoto wangu, mutoto anatoka!"

Nilitaka kusema mimi si daktari. Mdomo ulifunguka. Neno halikutoka. Mwisho wa korido, kwenye benchi, mwanamke kijana ameuma kanga yake. Chumba cha kuzalia kilikuwa kimejaa. Bibi ananitazama. Mwanamke ananitazama. Macho yale! Hakuna mtu aliyewahi kuniangalia hivyo. Hata siku ya harusi yangu.

Nimekimbia. Niandike ukweli: nimekimbia. Lakini nimekimbia upande wa wauguzi. Nilimkuta mkunga, Maman Séraphine, mwanamke mfupi mwenye mabega ya dereva wa lori. Nikamwonyesha kwa kidole, kwa sababu sauti haikurudi bado. Akaja mbio. Akaniwekea kitambaa kikubwa mikononi, akaniamuru nikishike kama pazia, watu wasione. Nimekishika.

Mtoto ametoka. Kijivu. Kimya.

Bibi akaanza kuita Nyamuzinda, Mungu wa kabila lake, Bashi. Maman Séraphine akamsugua mtoto mgongo. Akamgeuza. Akachukua kifuko cha hewa, akakiweka usoni pa mtoto, akakikamua, akaachia, akakikamua. Sijui ilikuwa muda gani. Mimi nilikuwa nawaza tundu tu. Funga, funga, nilikuwa nasema moyoni. Vuta kitu kimoja tu, mtoto, na pazia litafunga.

Akavuta! Akalia! Na rangi ikaja. Ilianzia kifuani, ikapanda shingoni, ikafika kwenye masikio, kama maji ya rangi yanavyopanda kwenye pamba. Mungu wangu! Mbele ya macho yangu!

Nimelia kuliko mtoto. Bibi akauliza kwa nini daktari analia, je, kuna ubaya? Hapo Maman Séraphine akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akatazama shingo yangu. Mimi pia nikatazama.

Nilikuwa nimevaa tepu yangu ya kupimia nguo.

Amenivuta pembeni. Amesema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele: "Papa, wewe iko fundi wa Nyawera. Hii koti yangu ni wewe ulishona. Kama ungemugusa ule mama, leo ungelala kwa polisi."

Nikasema ndiyo, Maman.

"Lakini ulikuja kuniita mbio. Wengine wanabakia wanaangalia." Akakichukua kile kitambaa mikononi mwangu. "Enda. Uvue hiyo kitu."

Nimevua. Nimeshuka mpaka barabarani nikiwa nimelishika koti mkononi. Watu walikuwa wakinunua ndizi, wakigombania taxi, wakicheka. Kila mmoja wao alivuta ile pumzi ya kwanza siku moja. Kila mmoja! Hata mlinzi. Hata mteja wa suruali. Nilitaka kuwaambia.

Ijumaa, 8 Septemba

Nilikuwa nimeamua kumsindikiza Colombe tu. Naapa. Kumsindikiza tu.

Korido ya Mulimani, viti ishirini, vijana ishirini na wazazi wao. Mvua tangu alfajiri. Colombe amevaa sketi niliyoshona, amekaa mgongo wima. Akaenda kunywa maji bombani kabla ya zamu yake. Mlango ukafunguka. Mademoiselle Lydie, macho kwenye karatasi, akaita: Ulrich, wa Sange. Hakuna aliyejibu. Akaita tena: Ulrich.

Miguu yangu ikasimama. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nimekaa.

Chumba kirefu, meza ndefu, maprofesa watatu. Madame Fabiola katikati, nywele fupi nyeupe. Vitabu mpaka darini! Harufu ya dawa na karatasi. Madame Fabiola akatazama dosye, akanitazama mimi.

"Wewe ndiye Ulrich? Miaka kumi na minane?"

Nikasema barabara ya Sange inazeesha.

Profesa wa kushoto akakohoa. Wa kulia akageukia dirisha. Madame Fabiola hakucheka. Akaniuliza, kwa upole, kwa nini ninataka kuwa daktari. Nadhani alitaka kuona nitafika wapi.

Nilikuwa na jibu zuri, la kukariri, lenye maneno matatu ya Kilatini. Limepotea. Nikasimulia ya jana. Benchi, kanga, mtoto wa kijivu, rangi iliyopanda mpaka masikioni. Nikasimulia tundu na pazia. Nikasema: Madame, mimi kazi yangu ni kufunga matundu, na sijawahi kuona tundu limefungwa hivyo. Nikasema nikiishi tena miaka arobaini na sita, ningependa kuishi nikiangalia vitu kama hivyo.

Profesa wa kulia alikuwa ameacha dirisha. Kwa dakika moja, watu wazima wanne chumbani, tulikuwa tunamwangalia mtoto yuleyule.

Halafu Madame Fabiola akaniuliza jina langu la kweli.

"Patrice."

Akatikisa kichwa. "Yule anayejulikana na mwalimu wake tangu mwalimu alipozaliwa."

"Ndiyo, Madame."

Akasema: "Papa Patrice, jana yule mama alikuamini kabla hujafungua mdomo. Ungemwambia anywe sumu, angekunywa. Hivyo ndivyo mgonjwa alivyo mbele yetu. Kwa hiyo uongo, hata mdogo, hata wa barua, hatuwezi kuupokea. Unaelewa?"

Nikasema ninaelewa. Sijawahi kukemewa vizuri hivyo.

Nilipofungua mlango nilikuta kijana amesimama mbele ya Mademoiselle Lydie. Matope mpaka magotini. Viatu mkononi. Lori lilikwama usiku barabarani, ametembea tangu alfajiri. Mademoiselle, kwa huruma, alikuwa anamwambia kwamba Ulrich wa Sange ameshaingia, zamu yake imekwisha. Kijana hakulia. Alitazama viatu vyake tu, kama mtu anayefikiria njia ya kurudi.

Hapo nimejiona. Nilijiona wazi, kama mifupa ya kabatini.

Nikageuka, nikarudi ndani bila kubisha. Nikawaambia maprofesa kwamba Ulrich yuko nje, mimi ni mwizi wa zamu, wanifanye wanavyotaka lakini wamsikilize huyu mtoto, ametembea kwa miguu. Nilisema kwa kelele. Korido nzima ilisikia. Madame Fabiola akasema aingie, na aketi, na apewe chai.

Nilipogeuka tena, Colombe alikuwa amesimama karibu na bomba. Alikuwa amesikia yote.

"Papa, ulienda kufanya nini mule?"

Nikamwambia. Dosye tatu. Picha. Barua. Jana. Yote. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yamejaa, na machozi hayakuanguka. Mlango ukafunguka. Ulrich akatoka, wakamwita yeye.

"Mimi niko naingia sasa," akasema. "Wewe ukae hapa. Usisimame kama hawajaita jina lako."

Nimekaa. Sikusimama. Dakika ishirini na tano.

Jumapili, 10 Septemba

Nyumbani kimya. Tumeenda misa watatu, tumerudi watatu, kama watu wasiojuana kwenye boti ya Goma.

Nilifikiri Eulalie atanipigia kelele. Hakupiga. Alikuwa anachambua sambaza, akasema bila kuinua kichwa: "Papa Colombe, ungeniambia mwezi wa saba, ningekucheka siku moja nzima. Halafu ningekutafutia mutu wa kukuandikia barua ya kweli."

Siku moja tu ya kucheka! Na mimi nilijificha miezi miwili. Huyu mwanamke nimeishi naye miaka ishirini na moja, bado ananishangaza kama siku ya kwanza.

Ninachoogopa si hicho. Ninaogopa wamemwadhibu mtoto kwa ajili yangu. Ni binti wa yule mzee. Nani anataka binti wa yule mzee darasani kwake?

Wakati wa chakula Colombe aliongea kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Aliuliza swali moja. Siku nilipopeleka dosye zote mbili, ya nani niliiweka juu?

Ningeweza kudanganya. Nikasema: yangu.

Akaniongezea ugali.

Alhamisi, 14 Septemba

Orodha imebandikwa saa tatu ukutani, Mulimani. Majina arobaini. Sikuthubutu kusogea, nilibaki chini ya mlonge na kofia mkononi. Umati wa watu unasukumana. Colombe akaingia katikati yao, nikaona kichwa chake kinasogea mbele, kinasimama. Hakigeuki. Nimekufa mara mbili hapo.

Akarudi polepole. Wa tatu! Wa tatu kati ya arobaini! Na Ulrich wa Sange, wa thelathini na tisa! Nilimkumbatia Colombe, nikamkumbatia Ulrich, nikamkumbatia mlinzi. Ulrich, akiniita Tonton kama mjomba wake, alisema inatosha.

Tulipokuwa tunashuka, ziwa lote likiwa chini yetu, linang'aa mpaka milima ya ng'ambo, Colombe alinieleza kitu ambacho hakuwa amekisema. Ijumaa ile, swali la kwanza la Madame Fabiola halikuwa la moyo wala la mapafu. Alimuuliza kama anamjua yule mzee aliyejiita Ulrich.

"Ukajibu nini?"

"Nilisema: Ndiyo, Madame. Ni papa wangu."

Basi. Hivyo tu. Angeweza kukana. Majina yetu ya ukoo hayafanani, hakuna ambaye angejua. Mbele ya meza ile, vitabu mpaka darini, maisha yake yote kwenye mizani! Mimi ningekana. Nimeliwaza kila upande, na ninaandika hapa: mimi ningekana.

Nilisimama katikati ya njia. Nilimwangalia akiendelea kushuka, anaruka madimbwi, miguu mirefu ya mama yake. Nilimshika mikononi alipokuwa na uzito wa mkate. Nani amemtia kitu hiki ndani? Si mimi. Najua ninachojua kushona.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimekuwa mtu mpya. Nimemwambia Eulalie. Nimemwambia na mama mkwe, kwa simu. Hakuna tena ujanja, hakuna tena dosye. Nitashona kwa amani, nitakuwa baba wa daktari, nitazeeka vizuri.

Hiyo ilikuwa asubuhi.

Saa nane sista mmoja amekuja kibandani kupima kanzu, akaacha karatasi mezani. Masista wanafungua shule ya uuguzi huko Minova, mwezi wa kumi. Miaka mitatu, hospitali ndogo ipo palepale, wanafunzi wanaingia chumba cha uzazi kuanzia mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza! Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma nimekaa.

Kuna sharti moja dogo, chini kabisa: wanapokea wasichana tu.

Nimefikiri sana. Nilisikia redioni kwamba Ubelgiji kuna wanawake wanaoitwa Patrice. Na safari hii sitadanganya neno hata moja, nimejifunza: kila nitakachoandika kitakuwa kweli. Patrice, mpole, ana bidii, anajua kushona na kupika, anapenda watoto wachanga. Kuhusu jambo lile lingine sitasema kitu. Kunyamaza si kudanganya.

Barua haioti ndevu.